Ya Ishirini na Mbili Inatosha

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya Waswahili wenzangu hapa Louisville, Kentucky, wiki chache kabla ya msimu wa kuwinda kindi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimeondoa kikohozi changu na mizaha miwili iliyochekesha ukumbini ambayo kwenye maandishi ilipooza.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ambao hamjaitikia popote, habari za jioni.

Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumze kuhusu silaha na uwindaji. Nikamwambia, ndugu yangu, hayo ni mambo mawili, na la silaha kwa upana wake mimi silijui. Najua bunduki moja tu, ile ya .22, yaani ya ishirini na mbili, ya kuwindia kindi na sungura kwenye misitu ya hapa Kentucky. Akasema, basi hiyo hiyo. Ndiyo nimekuja nayo. Namaanisha habari zake, yenyewe nimeifungia nyumbani.

Najua kwa nini nimeitwa. Kila ikikaribia Agosti, vijana wetu kiwandani wanawasikia wenzao wa zamu wakizungumzia kindi na wao wanataka kwenda. Na wazee wetu wa Uvira, wa Kigoma, wa Makamba, waliokulia karibu na pori, wanawaona kindi wamejaa nyuma ya apatimenti wakikimbizana kwenye nyaya, wanauliza: hivi hawa hawaliwi? Wanaliwa, wazee wangu. Lakini si hao wa nyuma ya apatimenti. Ukimfyatulia risasi huyo utalala kituo cha polisi, na mkalimani atakayeamshwa usiku ni mimi.

Nianze na kosa letu la jumla. Mtu wa kwetu akifika kwenye kaunta ya duka la bunduki ana swali moja: ipi yenye nguvu? Simlaumu. Sisi bunduki tulikotoka ni ya askari, au ya mhifadhi anayefukuza tembo kwenye mahindi, au ni ya waliotufanya tukimbie. Hakuna aliyetuonyesha bunduki kama chombo kidogo cha kazi ndogo, mfano wa kisu cha kumenyea vitunguu. Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobore. Alishindilia baruti, akashindilia vipande vya chuma alivyovijua mwenyewe, akangoja kanga wakusanyike, kisha akafyatua. Moshi ukipungua sisi watoto tunakwenda kuokota kilichopo. Hapakuwa na suala la kuchagua bunduki; kijiji kizima kilikuwa na hiyo moja, na ilikuwa na tabia zake.

Hapa unachagua. Na mnyama unayemchagulia ana uzito gani? Kindi wa kijivu ni nusu kilo hivi, mara nyingi hazidi gramu 600. Yule mkubwa mwenye tumbo la rangi ya machungwa, ambaye wenyeji wamempa jina la mbweha, anaweza kukaribia kilo. Sungura wa hapa ni kilo moja na kidogo. Kwa mnyama wa namna hiyo nguvu haikusaidii, inakula nyama yako.

Nalijua hilo kwa sababu nililipa kulijua. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji aliniwekea bunduki mbili kwenye kaunta: ya .22 ya kawaida, na pembeni yake ya .17 HMR. Hiyo ya pili ni risasi mpya mpya, kampuni ya Hornady iliitoa mwaka 2002 kwa kuchukua ganda la .22 Magnum na kulibana shingo. Kichwa chake hakifiki hata gramu moja na robo, lakini kinatoka mtutuni kwa zaidi ya mita 770 kwa sekunde, kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Muuzaji akaniuliza, unataka kuwinda nini? Nikamjibu, kila kitu. Jibu la kijinga, na kwa jibu hilo akaniuzia nilichostahili. Jumamosi iliyofuata nikampiga sungura kwa hatua thelathini, begani. Nilipomwinua, mabega hayakuwepo. Kulikuwa na miguu ya nyuma, kiuno, na uji. Mke wangu akachungulia kwenye sufuria, akaniuliza, "Baba watoto, huyu umemwinda au umegongana naye?"

Bunduki ile si mbaya. Mkulima anayetaka kumwondoa yule mnyama mnene anayechimba mashimo chini ya ghala, asiye na haja ya kumla, atafurahi nayo. Vivyo hivyo .22 Magnum, iliyotoka mwaka 1959: inafika mbali zaidi, inapiga kwa nguvu zaidi, na risasi zake ni ghali. Mimi nazungumza na watu wanaotaka kitoweo. Kwenu nyinyi, ya ishirini na mbili inatosha.

Tuitazame basi. Ukiwa dukani sema .22 Long Rifle, jina kamili, maana ndugu zake wenye majina ya kufanana ni wengi. Namba hiyo ni kipenyo kwa sehemu za inchi, kama milimita tano na nusu na nukta kidogo. Chimbuko lake ni kirisasi kifupi ambacho Smith & Wesson walikitengeneza mwaka 1857 kwa bastola ndogo; hii ndefu ikatolewa na kampuni ya Stevens, kule Massachusetts, mwaka 1887. Ina zaidi ya miaka mia na thelathini na bado hakuna kilichoiondoa.

Mzee wangu pale mbele ametikisa kichwa, anasema risasi ni risasi. Ngoja, mzee. Kwenye risasi kubwa, fataki, ile punje inayowasha baruti, imekaa katikati ya kitako cha ganda. Kwenye hii, dawa ya fataki imemwagwa ndani ya ukingo wenyewe, ile mdomo-mdomo inayozunguka kitako, na pini ya bunduki inagonga ukingo. Ili ukingo ubonyee ukigongwa, bati lazima liwe jembamba. Bati likiwa jembamba, huwezi kulitia shindo kubwa, litapasuka. Ndiyo sababu risasi hii ni pole, ndiyo sababu ni rahisi kutengeneza, na ndiyo sababu ganda likishatumika halijazwi tena. Mambo yote matatu yametoka kwenye ule ukingo.

Ni pole kiasi gani? Kichwa cha kawaida kina greni 40. Hivyo ndivyo utakavyosoma kwenye boksi, nayo ni gramu 2.6. Kinatoka kwa mita kama 380 kwa sekunde. Ukipima nguvu yake mdomoni mwa mtutu, unapata kama sehemu moja ya ishirini ya bunduki ya kawaida ya kulungu, ile ya .30-06. Haikupigi begani. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaifyatua siku nzima bila kufumba macho, na kufumba macho ndiko kunakowakosesha watu shabaha, wakubwa kwa wadogo.

Sasa umbali, maana hapa ndipo uongo wa vijiwe vya wawindaji ulipo. Bunduki ukiipangia shabaha kwa yadi 50 (yadi ni pungufu kidogo ya mita), kwenye yadi 100 kichwa cha risasi kimeshashuka kama sentimita 15. Upana wa kiganja changu hiki mpaka kwenye kifundo. Kichwa cha kindi ni ndimu. Anayekuambia anapiga kindi kwa yadi mia kila siku, mkubalie kwa adabu na ubadilishe mazungumzo. Mimi mwisho wangu ni yadi 50, na mara nyingi nipo 25, kwa sababu nimekaa chini nimenyamaza na kindi amekuja mwenyewe.

Kuna jambo jingine dogo linalowashangaza wapya. Darubini imekaa juu ya mtutu, kama sentimita nne hivi juu yake. Kindi akija karibu mno, hatua kumi, ukimlenga sawasawa risasi inapita chini, kwa sababu mstari wa jicho na mstari wa risasi bado havijakutana. Nilimkosa mmoja hivyo mara tatu mfululizo, ananitazama. Nikadhani bunduki imeharibika. Yuko karibu sana, basi. Lenga juu kidogo.

Nimeahidi kusema kuhusu kuchagua, na bado sijaitaja bunduki yenyewe. Nimechelewesha makusudi. Watu wanatumia miezi kuchagua bunduki na dakika mbili kuchagua risasi, wakati ingekuwa bora kinyume chake.

Bunduki za .22 zina ulimi. Kila moja ina chakula chake. Nilipouza ile .17 nikanunua ya .22 ya komeo, mzoefu mmoja aliniambia ninunue maboksi matano ya aina tano, ya risasi hamsini hamsini, niende uwanja wa shabaha asubuhi isiyo na upepo. Nikaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Yadi 50, risasi tano kwa kila karatasi. Boksi la kwanza, lililosifiwa sana, lilitawanya matundu kama mchele uliomwagwa. La pili hivyo hivyo, afadhali kidogo. La tatu lilikuwa la bei ya chini kuliko yote isipokuwa moja, halina hata picha kwenye kasha: matundu manne yakagusana na la tano likakaa pembeni kwa upana wa ukucha. Ungeyafunika yote kwa kifuniko cha soda. Nikarudia, yakafanya vile vile. Jirani yangu pale uwanjani, mwenye bunduki ya chapa ile ile na mfano ule ule, akaomba ajaribu tano. Kwake zikatawanyika. Hakuna aliyenieleza mpaka leo kwa nini kwa namna ninayoielewa. Wanasema ni mtutu, ni kipimo cha chumba cha risasi, ni mafuta yaliyopakwa kwenye kichwa. Mimi naamini tu nilichokiona.

Ukishaipata aina inayoipenda bunduki yako, nunua nyingi. Mwaka 2013 risasi za .22 zilitoweka madukani, na mwaka 2020 zikatoweka tena. Watu walipanga foleni alfajiri kama ya sukari.

Na zipo za mwendo wa polepole, mita 325 hivi kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti. Hizo hazina ule mlio wa kuchapa hewa unaousikia risasi ikipita, na kwa bunduki nyingi hupiga pamoja zaidi. Mimi ndizo ninazotumia. Kindi wa pili kwenye mti haelewi kilichompata wa kwanza, anasimama anatafuna. Kwa sungura anayekimbia? Sungura anayekimbia usimpige kabisa kwa .22. Huyo ni wa shotgani, kwa sababu marisau yanatawanyika na hayaendi mbali.

Haya, bunduki. Zipo zinazojipakia zenyewe kila ukifyatua. Maarufu kuliko zote ni Ruger 10/22 ya tangu mwaka 1964, yenye magazini ya duara ya risasi kumi inayojificha kabisa ndani ya mbao, na Marlin Model 60, iliyotoka 1960, ambayo risasi zake zinapangwa kwenye bomba chini ya mtutu. Ni bunduki nzuri, zimelisha familia nyingi za milimani huku. Zipo za kuvuta mtaimbo wa chini kama za filamu za makauboi, na hizo nawapendekezea wanaotumia mkono wa kushoto, kwa sababu hazina upande.

Lakini mpya, yeyote yule, namwambia anunue ya komeo. Unainua komeo kwa mkono, unavuta nyuma, ganda linaruka. Unasukuma mbele, risasi inaingia. Kila risasi ni uamuzi. Ukikosa, hakuna ya pili inayotoka kwa hasira. Na komeo likiwa wazi, kila mtu mliyefuatana naye anaona kwa macho yake kwamba bunduki yako ni tupu, hata akiwa hajui neno lako moja. Savage wanayo ya bei nafuu, CZ ya Cheki ni ghali zaidi na imetengenezwa kwa upendo. Mpya inaanzia karibu dola 250, ukifika 600 umeshapata ya kumrithisha mtoto. Ya mtumba iliyotunzwa, msiogope: mtutu wa .22 hauchakai upesi. Mulika tochi upande mmoja, chungulia mwingine. Mistari ya ndani ikiwa mikali na hakuna kutu, ichukue.

Kabla ya kulipa, ipandishe begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ukijikuta unatafuta darubini iko wapi, kitako ni kirefu au kifupi kwako. Watu wetu wengi, na kina mama hasa, kitako cha mtu mzima kinawazidi. Na kumbukeni mnajaribu kwa fulana wakati Desemba mtavaa koti. Zipo zenye vitako vifupi, zinaitwa za vijana, msione haya kuzinunua.

Mke wangu alikosa shabaha mwezi mzima. Tukalaumu kitako, tukalaumu risasi, tukalaumu hata miwani. Mwisho nikamwambia anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize kitundu, aitazame saa ya ukutani kupitia kitundu hicho, kisha afumbe jicho moja moja. Akifumba la kushoto, saa inatoweka. Kumbe anatumia mkono wa kulia, lakini jicho lake la amri ni la kushoto. Tukahamisha bunduki bega la kushoto. Siku hiyo hiyo akaanza kunishinda, na tangu hapo sifurahii kwenda naye.

Kuhusu darubini nitasema moja tu: nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya .22. Za kulungu hupangwa kiwandani zione sawasawa kwa yadi 100, na kwa yadi 25 ukisogeza jicho kidogo alama inahama juu ya mnyama. Ukuzaji wa mara nne unatosha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kama mngenipa dakika tatu tu, ndilo ningelizungumza.

Aliyenifundisha kuwinda ni mzee mmoja wa hapa hapa Kentucky tuliyekuwa naye zamu ya usiku. Jumamosi ya kwanza alinipeleka msituni, Daniel Boone National Forest, bila risasi. Bunduki ninayo, risasi amebaki nazo yeye mfukoni. Tumeingia bado giza, tukakaa chini ya mti wa hikori, mti wenye karanga zenye ganda gumu ambazo kindi wanazipenda mwezi huo kuliko kitu chochote. Kulipopambazuka nikasikia kama manyunyu ya mvua juu ya majani, na mbingu ni safi. Yalikuwa maganda. Kindi yuko juu anakwangua karanga kwa meno, vipande vinadondoka begani mwangu. Nikamwona, tawi la juu, mweusi mbele ya anga jeupe, picha safi kabisa. Nikamlenga. Nikamwangalia mzee nimpe ishara kwamba huyu ningempata. Akatikisa kichwa. Akainama sikioni akaninong'oneza: nyuma yake kuna nini?

Nyuma yake palikuwa na anga. Na nyuma ya anga, mzee akanionyesha kwa kidole, bondeni, paa la nyumba na moshi wa mtu anayechemsha kahawa yake.

Hebu toeni boksi lolote la .22 msome ubavuni. Imeandikwa onyo kwamba risasi inaweza kwenda maili moja na nusu. Hiyo ni zaidi ya kilomita mbili, kile kirisasi ninachokiita pole. Kwa kindi ni pole, kwa mtoto anayecheza uani si pole. Wanyama wetu wanakaa juu ya miti, kwa hiyo mwindaji wa kindi anaelekeza mtutu juu kuliko mwindaji mwingine yeyote, na risasi iliyokosa haiishii popote unapopaona. Kwa hiyo ngoja. Ngoja ajilaze kwenye shina nene, ashuke kwenye uma wa mti, ashuke chini kabisa kutafuta karanga iliyoanguka, au kaa wewe bondeni naye awe upande wa kilima, ili nyuma yake pawe na mbao au udongo. Kama hakuna, mwache aende. Tulikaa asubuhi yote ile. Nilihesabu kindi tisa niliowalenga, na ambao mzee alikubali kwamba ningeweza kufyatua walikuwa wawili. Jumamosi iliyofuata akanipa risasi tatu.

Msitu ule una jina la Daniel Boone, mwindaji maarufu wa enzi za walowezi wa kwanza wa Kentucky, na watu wa huku hawachoki kumsimulia. Audubon, mchoraji wa ndege aliyewahi kuishi Kentucky, aliandika kwamba alimwona Boone karibu na Frankfort akiwinda kindi bila kuwagusa: analenga gamba la mti chini ya tumbo la kindi, risasi inapasua gamba, kishindo kinamrusha kindi amekufa, hana hata tundu. Wanahistoria wanatilia shaka kama huyo alikuwa Boone kweli. Bunduki zenyewe zilikuwa zile ndefu za gumegume, ambazo zinaitwa za Kentucky ingawa waliozitengeneza walikuwa mafundi wa Kijerumani kule Pennsylvania. Mimi ninachokipenda katika kisa hicho ni gamba la mti. Risasi ilikuwa na mahali pa kuishia.

Sheria, kwa ufupi, na hapa naomba wenye simu waziweke chini.

Kununua bunduki dukani unajaza fomu ya serikali kuu, namba yake 4473, na muuzaji anakagua jina lako kwenye mfumo wa FBI. Bunduki ndefu ni kuanzia miaka 18. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, ingawa kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda. Huyo asiamini maneno yangu wala ya kaka yake, amwone wakili wa uhamiaji kwanza. Asiye na karatasi haruhusiwi kununua wala kushika, hata ya kuazima, hata ya picha. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke au mume wake haruhusiwi, hata kama hakimu aliliita kosa dogo. Na ile fomu inauliza kuhusu bangi, hata kama umetoka jimbo ambalo inauzwa dukani. Usidanganye kwenye fomu. Kwa raia, uongo ule ni jela. Kwetu sisi ni jela na halafu ndege.

Na usimnunulie shemeji. Najua shemeji atakupa hela, najua ataleta na soda. Fomu inauliza kama mnunuzi halisi ni wewe. Kama hela ni zake na bunduki ni yake, jibu ni hapana, na hapo biashara imeisha.

Leseni ya kuwinda mnaipata kwa Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky. Yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 anahitaji pia kadi ya mafunzo ya mwindaji. Kozi ipo ya darasani na ya mtandaoni. Msimu wa kindi unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na kwa siku moja mwisho ni sita. Sita, hata kama mmekuja na njaa. Someni kijitabu cha mwaka huo huo, maana mambo hubadilika. Ikifika msimu wa bunduki wa kulungu, vaeni rangi ya machungwa hata kama mnafuata kindi. Na nyama ya mwitu haiuzwi. Hata paja. Najua kuna mama hapa ameshaanza kupiga hesabu ya mishikaki.

Mjue pia kwamba mnapolipia bunduki na risasi, ndani ya bei kuna ushuru wa asilimia 11 ambao tangu sheria ya mwaka 1937 unakwenda kwenye hifadhi ya wanyamapori na mapori yao. Kwa hiyo mkiambiwa na mtu msituni kwamba nyinyi wageni mmekuja kumaliza wanyama wake, mwambieni mmeshachangia, tena kwa tabasamu.

Nyumbani bunduki ifungiwe, risasi zifungiwe kwingine, ufunguo usikae juu ya friji. Watoto wetu wanajua juu ya friji kuna nini kuliko sisi.

Waislamu wenzangu mmeniuliza mlangoni. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa Pwani tumelelewa nayo, kindi ameruhusiwa. Wengine wana kauli tofauti, na kuhusu kuua kwa risasi yenyewe kuna mazungumzo marefu ya wanazuoni. Piga bismillahi unapofyatua, na kisu kiwe kiunoni ukimkuta bado hai. Zaidi ya hapo muulizeni shehe, mimi ni fundi wa mashine.

Na yule mama wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nianze: anapikwaje? Kwanza mloweshe maji kabla ya kumchuna, la sivyo manyoya yatanata kwenye nyama na hutayamaliza. Ngozi yake ni ngumu. Ikate chini ya mkia, kanyaga mkia, vuta miguu ya nyuma kwenda juu, itavuka kama fulana. Sungura mchune ukiwa umevaa glavu, kuna ugonjwa unaoambukizwa kwa damu yake, na mpike aive kabisa. Kichwa na sehemu yoyote iliyopitiwa na risasi tupa, maana ile ni madini ya risasi (lead), yana sumu, na wajawazito na watoto hayawafai hata punje. Mlaze usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Asubuhi mchemshe na tangawizi na kitunguu saumu kwa muda wa saa moja na nusu, ni mwepesi lakini mgumu, asikudanganye kwa udogo. Kisha kitunguu, nyanya, bizari, tui la kwanza mwishoni. Kindi watatu wanatosha watu wanne kwa wali, kama mmoja wao si shemeji.